Kamani ya bastola ile isichomelewe, wala isitupwe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua za wasomaji ili nitoe maoni yangu kuhusu habari mliyoichapisha wiki mbili zilizopita, iliyosema kwamba bastola moja ya kale ya Kiingereza iliyohifadhiwa hapa mkoani kwetu "imekufa" kwa kuvunjika kamani (springi) yake ya ndani, na kwamba wahusika wanatafuta fundi wa kuiunganisha kamani hiyo kwa kuichomelea, kuipiga bastola msasa, kuvitoa vibao vya mpini vilivyopasuka na kuweka vipya vya mpingo, kisha kuirudisha kabatini ikiwa inang'aa na inafanya kazi "kama siku ilipotoka kiwandani." Nia ni njema, na waliolitoa wazo hilo siwalaumu. Lakini nimekuwa fundi wa saa kwa miaka arobaini na mitatu hapa Ngamiani, na katika miaka hiyo nimeitwa mara kadhaa kutazama vitu vya chuma vya kumbukumbu, zikiwamo bastola mbili. Kwa moja kati ya hizo nilifanya kosa lile lile ambalo sasa naona linataka kurudiwa, kwa hiyo nikinyamaza nitakuwa nimeficha jambo ninalolijua.

Nianze na kifaa chenyewe. Picha yenu, pamoja na ufifi wa wino, inaonyesha wazi kwamba hiyo ni bastola ya silinda ya kiwanda cha Webley, ile inayokunjuka katikati: ukibonyeza komeo lililo upande wa kushoto, mtutu na silinda huinamia mbele, na nyota ya chuma huchomoza katikati ya silinda ikayasukuma nje maganda yote sita kwa mpigo mmoja. Mpini wake umekatwa mraba chini na mtutu wake ni mrefu, kama inchi 6, na hizo ndizo dalili za toleo la sita, ambalo jeshi la Uingereza lililipokea rasmi mwezi wa Mei 1915. Matoleo ya kabla yake yalikuwa na mpini uliopinda kwa ndani kama mdomo wa kasuku, na aliyewahi kuyashika yote mawili hawezi kuyachanganya.

Nimelieleza hilo kwa kirefu kwa sababu habari yenu ilisema bastola hiyo ilitumika katika mapigano ya Tanga ya Novemba 1914, kati ya Waingereza na Wajerumani katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Haiwezekani. Mapigano yale, ambayo wazee wetu walikuwa wakiyasimulia zaidi kwa habari ya nyuki waliowashambulia askari kuliko ya risasi, yalikwisha tarehe 5 mwezi huo Waingereza waliposhindwa na kurudi merikebuni, yaani miezi sita kabla toleo hilo halijaingia jeshini. Ikiwa bastola hiyo ilifika Tanga kiunoni mwa afisa wa vita ile, basi ilifika baada ya Waingereza kuuchukua mji mwezi wa Julai 1916, au hata baadaye zaidi. Jibu halihitaji kubahatishwa, kwa kuwa mwaka wa kutengenezwa ulikuwa ukipigwa chapa ubavuni mwa kiunzi, upande wa kushoto, pamoja na jina Webley na namba ya toleo. Chapa hiyo ina kina cha unene wa ukucha tu, na msasa utaanza kuila yenyewe kabla ya kuila kutu iliyo vishimoni.

Sasa nije kwenye kamani. Msomaji aliyezoea saa asidhani ni utepe unaojiviringisha. Kamani ya Webley ni ubapa wa pua, yaani chuma kigumu, uliokunjwa mfano wa herufi V na kulazwa ndani ya mpini. Mkono mmoja umeungwa na nyundo, nao ndio unaoipa nguvu ya kupiga, ilhali mkono wa pili hukandamiza wenzo mdogo ambao kazi yake ni kukirudisha kifyatulio mahali pake na kuivuta nyundo nyuma kidogo baada ya kupiga, isikae imegusa risasi. Kwa ubapa mmoja, basi, kazi mbili. Ndiyo maana kamani hiyo inapovunjika nyundo na kifyatulio hulegea vyote pamoja, vikaning'inia kama jino la mtoto linalotaka kung'oka, na mtu asiyejua akadhani bastola nzima imeharibika, kumbe kilichovunjika ni kipande kimoja kisichozidi urefu wa kidole.

Mara nyingi kamani ya namna hiyo hukatikia penye kunja, au karibu yake, kwa sababu ndipo pua inaponyongeka kila mara nyundo inapovutwa. Katika hali ya hewa yetu ya pwani kuna sababu ya pili. Unyevu wenye chumvi huingia kupitia nyufa za vibao vya mpini na kutulia pale pale penye kunja, ambapo mafuta ya zamani yamekwisha kuganda yakawa kama gundi. Kutu huchimba kishimo kidogo mno, kishimo kikawa mwanzo wa ufa, na ufa ukatembea polepole kwa miaka, hata siku moja mtu akavuta nyundo kuwaonyesha wageni na kipande kilichobaki kikashindwa kuubeba mzigo.

Ukiwa na vipande vyote viwili, hayo yote unaweza kuyasoma. Chukua kipande kimoja, kiweke chini ya lenzi ya fundi wa saa, uutazame uso wa mahali kilipokatika. Utaona sehemu mbili. Moja ni nyeusi au ya rangi ya kahawia, ambayo ndiyo ufa wa zamani uliokuwa ukipata hewa, mafuta na kutu. Ya pili ni ya kijivu angavu yenye chembechembe kama sukari guru iliyovunjwa, nayo ndiyo iliyokatika siku ya mwisho. Kama sehemu nyeusi ni kubwa, kamani ilikuwa imekwisha kitambo na aliyeivuta mwisho hana hatia. Kama uso wote ni wa kijivu, basi kuna mtu aliyeilazimisha, na walinzi wa kabati wanapaswa kujiuliza maswali mengine. Ukishaichomelea, uso huo umeyeyuka, na hakuna tena cha kusoma.

Na kuchomelea kwenyewe hakufai hata kwa anayetaka tu bastola ifanye kazi. Unyumbufu wa kamani haumo katika umbo lake peke yake, umo pia katika namna pua ilivyotiwa moto na kupozwa kwa kipimo. Moto wa kuchomelea huharibu kipimo hicho: pale penye chomeo pua huwa ngumu na yenye kuvunjika kama kigae, na pembeni kidogo huwa laini, ikipindwa hairudi. Mafundi wenzangu wa geti na madirisha ni hodari sana katika kazi yao, lakini kamani iliyochomelewa itakatika tena kando ya chomeo, pengine katika wiki ile ile, na vipande vitakuwa vitatu.

Nisimulie kosa langu. Mwaka 1987 niliitwa na watu waliokuwa wakitunza vitu vya kale, nisiowataja, nitazame bastola ya namna hiyo hiyo ambayo kamani yake ilikuwa imekatika. Nilikuwa kijana na nilijiona fundi. Niliifungua, nikavitoa vipande viwili vya kamani na kuvitupa katika debe la takataka chini ya meza yangu, nikachonga kamani mpya kutoka katika ubapa wa pua wa kufuli kubwa la zamani, nikaitia moto na kuichovya katika mafuta, nikaipachika. Ilifanya kazi. Kila mtu alinisifu. Kwa kuwa sifa hulevya, niliona haya kuirudisha ikiwa na madoa ya kahawia, kwa hiyo nikachukua msasa laini na dawa ya kusugulia shaba, nikaisugua kuanzia mdomo wa mtutu mpaka kwenye pete ya kamba iliyo chini ya mpini. Mgongoni mwa mpini palikuwa na alama zilizofifia, herufi na namba ambazo sikujishughulisha kuzisoma, na karibu na hapo vimishale viwili vidogo. Vyote vilitoka na ule uchafu mwekundu, vikabaki kwenye kitambaa.

Miaka kadhaa baadaye alikuja mtafiti mmoja akiwa na nakala za kumbukumbu za kijeshi. Alikuwa mpole, mwenye adabu sana. Aliniuliza kama nakumbuka kilichokuwa kimeandikwa mgongoni mwa mpini, kwa kuwa hapo ndipo vikosi vya Kiingereza vilipokuwa vikipiga chapa ya kikosi na namba ya silaha, na kwa namba hiyo angeweza kujua kama bastola ilikuwa ya kikosi cha King's African Rifles au cha jeshi lililotoka nje. Kisha akaniuliza kuhusu mishale. Ndipo nilipofahamu kwamba mshale mmoja mpana ulikuwa alama ya mali ya serikali ya Uingereza, na kwamba mishale miwili iliyogusanishwa ncha kwa ncha ilipigwa pale silaha ilipotolewa katika mali ya serikali na kuuzwa. Kwa maneno mengine, alama ile ingetuambia kama bastola ilibaki huku kwa kuuzwa kihalali au kwa njia nyingine. Mimi nilikumbuka kuona mishale miwili, lakini je, ilikuwa imegusana ncha, au ilikuwa chapa mbili zilizopigwa mbalimbali? Sikuweza kumwambia. Nilimwonyesha chuma kinachong'aa, akaniangalia, akafunga daftari lake, akanishukuru kwa muda wangu.

Kwa hiyo ninaposema kamani hii isitupwe na bastola hii isipigwe msasa, sisemi kwa kusoma.

Kuna watakaouliza kwa nini basi isiagizwe kamani halisi kutoka nje, kwa kuwa vipande vya Webley bado vinapatikana kwa wafanyabiashara wa vitu vya kale huko Uingereza na Marekani. Vinapatikana, ni kweli, vingine vya zamani vilivyotolewa katika bastola nyingine na vingine vilivyotengenezwa upya. Lakini anayedhani kipande cha bastola ya karne iliyopita huingia kama betri ya redio atapata tabu. Viwanda vya zama zile vilijisifu kwamba vipande vyao vinabadilishana, na Samuel Colt alipopeleka bastola zake katika Maonyesho Makuu ya London mwaka 1851 watu walistaajabia kazi ya mashine. Hata hivyo mashine zilikuwa zikikitoa kipande kikiwa karibu na kipimo tu, na fundi mwenye tupa ndiye aliyekikamilisha kikae mahali pake. Kazi hiyo ya tupa ilifanywa chuma kikiwa bado laini. Kisha bastola ilifunguliwa tena, vipande vikaenda motoni kukazwa, vikarudi kuunganishwa. Ili kipande cha hii kisiingie katika ile, kilipigwa namba. Wajerumani walizidi wote kwa hilo: katika bastola zao za jeshi za mwaka 1879 na 1883 utaikuta namba ya silaha, au tarakimu zake za mwisho, hata kwenye vipande vidogo vya ndani. Webley waliipiga namba kwenye vipande vikubwa, yaani kiunzi na silinda, na kwa hiyo jambo la kwanza ninaloomba lifanywe kwa bastola ya hapa kwetu ni kuangalia kama namba hizo zinalingana. Zikitofautiana, bastola hiyo ilikwisha kubadilishwa vipande na mtu mwingine zamani, na hilo nalo ni sehemu ya maisha yake.

Tena kipande kilichobadilishwa kikiachwa bila maelezo huweza kuleta madhara yasiyotazamiwa. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia bastola nyingi za Webley ziliuzwa Marekani, ambako risasi zake za inchi 0.455 zilikuwa adimu, na wafanyabiashara wakayakata nyuma masilinda yake kidogo ili yapokee risasi za kipimo cha .45 za bastola za jeshi la Marekani. Risasi zile za kiwandani zina msukumo mkubwa kuliko ule ambao bastola hiyo ilitengenezewa. Anayeishika leo hawezi kuujua mkato huo kwa kutazama juu juu, isipokuwa awe na silinda ambayo haikuguswa ya kulinganisha nayo, na wapo walioipiga bila kujua hatari iliyokuwa mikononi mwao. Ukaguzi wa nyumba ya majaribio ya Birmingham, iliyoanzishwa mwaka 1813 kwa sheria ya Bunge la Uingereza, ulikuwa ni kuipiga silaha mpya kwa baruti iliyozidi kipimo na kuigonga mhuri ikisalimika. Mhuri huo unaisemea pua ya siku ile, kabla ya silinda kukatwa na kabla ya miaka mia moja ya kutu katika matundu yake.

Vibao vya mpini navyo vina habari yao. Mpingo wetu ni mti wa fahari, nami nina rungu la babu yangu la mpingo ambalo silibadilishi kwa kitu, lakini vibao vya bastola hii havikuwa vya mti. Vilitengenezwa kwa mpira uliochanganywa na salfa na kupikwa mpaka ukawa mgumu kama pembe, na ukivisugua kwa kidole mpaka vipate joto utasikia harufu ya kiberiti. Vikiwa vipya ni vyeusi tititi. Vikikaa kwenye mwanga kwa miaka hugeuka rangi ya kahawia. Kibao chenye upande mmoja mweusi na upande wa pili wa kahawia kinakwambia bastola ililazwa ubavu gani dirishani, na kwa muda mrefu. Ufa wake unaweza kushikwa kwa gundi inayotoka ikitakiwa. Kama kipande kimepotea kabisa na pengo linachukiza macho, jaza pengo hilo tu, kwa kitu cha rangi inayokaribiana ambacho mtu akisogea karibu atakitambua kuwa si cha asili.

Hilo la kutambulika silizui mimi. Mkataba wa Venice wa mwaka 1964, ulioandikwa kwa ajili ya majengo na maeneo ya kale, unasema katika kifungu cha 12 kwamba kinachowekwa mahali pa kilichopotea kiafikiane na kitu kizima, lakini kiweze kutofautishwa na cha asili, ili ukarabati usiughushi ushahidi. Nilipokisoma kifungu hicho kwa mara ya kwanza nilicheka, maana mafundi wa saa tulikuwa tukikifuata bila kukijua. Fungua mfuniko wa nyuma wa saa yoyote ya mfukoni ya zamani, uuelekeze kwenye mwanga kwa pembe, utaona mikwaruzo midogo iliyoandikwa kwa sindano: herufi za fundi, namba ya kitabu chake, mara nyingine mwezi na mwaka. Kila aliyeigusa ameacha alama yake mahali ambapo mwenye saa haoni na fundi mwenzake ataona. Nimewahi kufungua saa moja nikakuta alama tano za mikono tofauti, nikajua imefunguliwa walau mara tano, na ya sita nikaweka yangu. Mwaka 1987 niliyajua hayo yote kwa saa, ila sikufikiri kwamba yanahusu bastola.

Lakini kuna tofauti kati ya saa na bastola ambayo wahusika hawakuipima. Saa inaletwa kwangu ili iende. Jahazi linapobadilishwa ubao pale Pangani, seremala anatoa ubao uliooza na kupigilia mpya bila kuuliza historia yake, na anafanya sawa, kwa kuwa jahazi linatakiwa liende baharini kesho na roho za watu zimo ndani. Bastola iliyo kabatini haitakiwi kufanya chochote. Haina abiria. Hakuna mgeni wa makumbusho atakayepungukiwa na kitu kwa nyundo yake kutopiga, na kwa kweli kamani iliyovunjika ni kufuli bora kuliko lililo kwenye mlango wa kabati, kwa sababu hata mwizi akiichukua usiku atakuwa amechukua kilo moja na kidogo ya chuma kisichofyatuka. Tunataka kulipa fedha za wananchi kuliondoa kufuli hilo?

Hapo panaingia sheria, nami nitasema kwa ufupi kwa kuwa wapo wanaoijua kuliko mimi. Uzee wa bastola ambayo ikiwekwa kamani itafyatuka hauifanyi pambo, na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 haijaiacha kazi ya kutengeneza silaha kwa kila mwenye tupa na jiliwa. Fundi wa mtaani atakayekubali kazi hiyo kwa nia njema anaweza kujikuta anajibu maswali kituoni. Na kama kuna msomaji ambaye sandukuni mwa marehemu babu yake kuna kitu cha namna hiyo, asikilete kwangu wala kwa fundi mwingine. Aende polisi akaeleze, na bora awaite waje wenyewe kuliko kukibeba mkononi na kupita nacho sokoni.

Sasa yale ninayoyapendekeza yafanywe kwa bastola ya hapa kwetu. Kabla ya yote aitwe mtaalamu wa silaha wa polisi aihakikishe kuwa ni tupu, mbele ya mashahidi, kwa kuwa nimewahi kusikia mara nyingi mno maneno "haina kitu hiyo." Kisha ipigwe picha pande zote, kwa mwanga wa taa uliowekwa chini kwa pembe ili chapa zilizofifia zitoe vivuli, na kila herufi, namba na mshale viandikwe katika daftari hata kama hakuna anayejua maana yake. Mikono ivae glovu, maana jasho la vidole vyetu ni chumvi, na katika mji huu alama ya kidole huota kutu kabla ya wiki kuisha.

Ikiwa vipande vya kamani bado vimo ndani ya mpini, vinaweza kuachwa humo iwapo havijabana kitu. Ikiwa ni lazima vitolewe, bisibisi inolewe ncha yake ilingane na mfuo wa skrubu kwa upana na kwa unene, kama tunavyofanya kwenye saa, kwa sababu bisibisi ya dukani itateleza na kuuacha mfuo umechanika, na mchaniko huo hauponi. Skrubu ikikataa, isilazimishwe. Idondoshewe tone la mafuta mepesi, iachwe mpaka kesho, ikikataa iachwe mpaka kesho kutwa. Vipande vikitoka viwekwe katika mfuko mdogo wenye lebo, pamoja na tarehe na jina la aliyevitoa, na mfuko huo ulale katika kisanduku kimoja na bastola, siyo katika ofisi ya mtu ambaye akihamishwa kikazi mfuko utapotea.

Nyundo inayoning'inia, ambayo nadhani ndiyo iliyowatia watu haya mbele ya wageni, haihitaji kamani ili isimame. Uzi mwembamba wa pamba au kitegemeo kidogo cha plastiki angavu kilichokatwa kwa umbo lake vitaishika vizuri, na anayetaka kuvitoa atavitoa kwa dakika moja bila kuacha alama. Kwa kutu, kwanza itazamwe kama inaendelea. Ile ya kahawia nzito iliyotulia, isiyotoa unga kwenye kitambaa cheupe, iachwe, ipakwe nta nyembamba. Ile ya rangi ya machungwa inayotoa unga ndiyo hai, nayo itolewe taratibu kwa kijiti cha mwanzi na mafuta mepesi, palipo na kutu tu, pasipo kugusa palipo na chapa.

Na kama, baada ya hayo yote, wakubwa wataamua kwamba ni lazima kamani mpya iwepo, kwa mfano ili wanafunzi waone mtambo unavyofanya kazi, ningewaomba waitengeneze nje ya bastola, juu ya ubao, kwa mfano mkubwa wa mbao na ubapa wa springi, ambao mtoto ataushika na kuuvuta mwenyewe bila kumwomba askari ruhusa. Nipo tayari kuutengeneza bila malipo. Mbao ninazo. Pembeni yake, chini ya kioo, viwekwe vile vipande viwili vya asili, na lenzi juu yake, ili atakayependa aone sehemu nyeusi na sehemu ya kijivu.

Maelezo ya kabatini nayo yarekebishwe ule mwaka wa 1914, mara chapa ya kiunzi itakapokwisha kusomwa. Na nafasi ikipatikana katika kadi hiyo, iongezwe sentensi moja ya wapagazi wa vita ile, wale ambao jina la kikosi chao, Carrier Corps, limebaki Kariakoo. Bastola za namna hii zilikuwa za maafisa na wachache wengine. Mpagazi hakupewa, na kwa kuwa hakuacha chuma nyuma yake, kabati zetu hazimtaji.

Nimeambiwa kazi ya kuchomelea imepangwa baada ya mwezi huu kwisha. Ninaomba, kupitia gazeti lako, isimamishwe mpaka vipande vile viangaliwe. Lenzi yangu inakuza mara kumi, ninayo mfukoni kila siku, na kutoka dukani kwangu mpaka kwenye kabati hilo ni mwendo wa robo saa kwa miguu.

Wako mtiifu,

Fundi wa saa,
Ngamiani, Tanga